Daktari Blenda na Figo la Mdogo Wake

Wateja wake walimwita Daktari Blenda, na yeye alijifanya kuukasirikia utani huo, ingawa siku ambayo hakuna aliyemwita hivyo alirudi nyumbani amenuna. Kibanda chake cha juisi kilikuwa ubavuni mwa jengo la ofisi lenye ghorofa nne, mahali ambapo makarani, wahasibu na walinzi wa getini walilazimika kupita hata wakiwa na haraka. Hakuwauliza wanataka juisi gani. Aliwatazama machoni, akawasikiliza wanavyokohoa, kisha akawaamulia.

"Wewe jana umekula nini cha kijani?"

"Mama, jana nilikula chipsi."

"Chipsi ni kijani? Kinga yako iko chini kama soksi iliyolegea. Kaa hapo."

Basi alimenya karoti, akakwaruza tangawizi, akakamua machungwa, na karani mwenye mafua akaondoka na glasi yake akijiona ameshaanza kupona. Elimu hiyo yote aliiokota kwenye vipindi vya redio vya asubuhi na kwenye vipeperushi vya kliniki, akaijazia mapengo kwa kichwa chake mwenyewe. Nusu ya aliyoyasema ilikuwa kweli tupu. Ni kweli kwamba mwili unahitaji mboga na matunda ya rangi mbalimbali ili uwe na nguvu ya kupambana na maradhi, na ni kweli kwamba watu wa ofisini hula ovyo. Hiyo nusu ya kweli ndiyo iliyomponza, maana ilimpa imani na ile nusu nyingine.

Huyu mama alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mume alikuja, mume akaenda, na mtoto hakubahatika kupata. Lakini ukimwambia hajalea atakushangaa, kwa sababu mama yao alipofariki alimwachia mdogo wake wa kiume wa miaka sita, naye akiwa na kumi na tano. Aliacha shule, akauza maandazi, akauza mitumba, akauza kila kitu kinachouzika kwa halali, mpaka yule mtoto akakua, akajifunza ushonaji, akafungua duka lake la fundi cherehani mitaa mitatu kutoka kibandani. Akaoa pia, na hapo ndipo Daktari Blenda alipopata wifi.

Presha ndiyo iliyoyamaliza mafigo ya huyo mdogo wake, polepole, bila kelele, mpaka yote mawili yakagoma. Mwaka mmoja na nusu alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, akirudi nyumbani amekauka midomo na hana la kusema. Walipopimwa ndugu, wa kwanza kujitokeza alikuwa dada yake, na vipimo vyake vikafanana na vya mgonjwa kama vile madaktari walikuwa wanamngojea yeye. Hakufikiri mara mbili. Wakamtoa figo moja la kushoto, wakampa mdogo wake, na miezi minane baadaye wote wawili walikuwa hai na wanatembea.

Watu walidhani sasa atapumua. Wapi! Wasiwasi ulianza siku ile ile aliyotoka wodini, na haukumwachia hata siku moja. Alikuwa kama mzazi aliyempeleka mwanawe kuishi kwa watu: huna ugomvi nao, unajua wanampenda, lakini kila mvua ikinyesha unajiuliza kama wamemvalisha sweta. Alimpigia simu mdogo wake asubuhi, mchana na jioni.

"Hajambo?" aliuliza, bila hata salamu, akimaanisha figo.

"Mpangaji hajambo, Dada. Amekunywa maji, anafanya kazi."

"Usinitanie. Mkojo?"

"Dada, nina mteja mbele yangu!"

Alicheka akikata simu, kisha akajikuta amebonyeza ubavu wake wa kushoto, pale penye kovu, kama anayehakikisha mlango umefungwa.

Sasa tusikie jinsi kosa lilivyoanza, maana halikuanza kwa ubaya. Baada ya upasuaji, muuguzi mmoja na ofisa lishe waliwaita mgonjwa na jamaa zake kwenye chumba kidogo, wakawafundisha saa mbili nzima jinsi ya kuishi na figo la kupandikizwa: vidonge gani, saa ngapi, chakula gani, na kipi hakiguswi. Wifi alikuwepo. Aliandika kila neno, akapewa na karatasi iliyochapwa. Daktari Blenda, malkia wa vyakula, hakuwepo. Alikuwa wodi nyingine na mpira wa mkojo, analalamika kwamba uji wa hospitali hauna ladha. Kwa hiyo katika somo lote lile yeye aliambulia sentensi moja tu, aliyoambiwa na mdogo wake wiki ya pili.

"Hivi vidonge, Dada, vinashusha kinga."

"Vinashusha nini?"

"Kinga ya mwili. Makusudi. Ikiwa juu, mwili utaliona figo kuwa ni mgeni na kulishambulia."

Miaka kumi na miwili alikuwa anasimama pembeni mwa jengo lile akipandisha kinga za watu, na sasa anaambiwa kuna madaktari wazima na akili zao wanaoishusha, tena ya mdogo wake. Lakini si hilo lililomuuma.

"Mgeni?" akasema. "Figo langu ni mgeni kwako?"

"Si mimi nasema. Ndivyo mwili unavyofanya."

Alielewa kwa masikio. Moyoni lilikataa kuingia. Alimbeba mtoto yule mgongoni, alimwogesha, alimlisha kwa kijiko. Figo lake lingekuwaje mgeni mle ndani? Aliamua, bila kumwambia mtu, kwamba hayo ni maneno ya vitabu, na kwamba mtu aliyeshushwa kinga anahitaji wa kumpandishia kidogo kwa mlango wa nyuma.

Angeweza kuuliza. Angeweza kusoma ile karatasi, ambayo wifi yake aliibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni. Lakini jikoni kwa wifi hapakukanyagika tena. Mwezi wa pili aliwapelekea sahani ya kabichi mbichi, nyanya na matango, amevikata vizuri kama vya hotelini, na wifi yake akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda akaimwaga yote kwenye ndoo ya taka.

"Samahani sana, wifi," alisema. "Vibichi hali. Lazima nipike, au nimenye. Wadudu wadogo tu wanaweza kumlaza."

"Mimi mboga zangu zina wadudu?"

"Sijasema hivyo."

"Umezimwaga mbele yangu!"

Wifi yake alikuwa mwanamke mpole, karani wa maktaba, anayeongea kwa sauti ya watu wasiotaka kuamsha mtoto. Upole huo ndio uliomuudhi Daktari Blenda zaidi, maana mtu mpole huna pa kumshikia. Aliondoka na sahani yake tupu, na tangu siku hiyo alipofika kwao aliishia sebuleni. Alikaa kwenye kochi akinusa harufu ya karoti zikichemshwa mpaka zimekata tamaa, akameza mate machungu.

Ndipo akabuni chupa.

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla hajafungua kibanda, alipita dukani kwa mdogo wake na chupa ya juisi iliyofungwa kwenye taulo. Ndani alitia karoti, tangawizi na machungwa, na juu ya hivyo mabalungi mawili makubwa, yale yenye nyama nyekundu. Balungi alilichagua kwa sababu lilikuwa chungu, na kwa hesabu yake kitu kichungu hakiwezi kuingia mwilini bure. Alisubiri pale pale mpaka chupa iishe.

Siku ya kwanza mdogo wake aliishika chupa, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umetia nini, Dada?"

Akamtajia kimoja kimoja, kwa fahari. Alipofika kwenye balungi, yule fundi aliishusha chupa. Aliitazama chupa, akamtazama dada yake aliyesimama na taulo mkononi, ameinamia kidogo upande wa kushoto kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Kisha akainua chupa, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Asante, Dada."

"Mkeo usimwambie. Ataimwaga."

"Sitamwambia."

Wiki tatu zikapita hivyo, na Daktari Blenda alikuwa na furaha ya mtu anayefanya jambo jema kwa siri. Halafu, Jumatatu moja, alimkuta mdogo wake ameinamia cherehani anatunga uzi. Uzi ulikosa tundu. Akaulamba ncha, akajaribu tena, ukakosa. Mara ya tatu dada mtu aliona vizuri kwamba si macho. Ni vidole. Vilikuwa vinatetemeka, si sana, lakini kwa mtu anayeishi kwa sindano ni sana.

"Una nini mikononi?"

"Sikulala vizuri tu."

"Na kichwa?"

"Kinauma kidogo. Si kitu."

Si kitu! Mtu mwenye figo la kupewa hana si kitu. Alifika kibandani roho iko juu, akakata kidole badala ya karoti, akampa mhasibu juisi ya mlinzi na mlinzi juisi ya mhasibu. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja tu linalozunguka: figo linakataa. Lile figo lake linagoma mle ndani, na mdogo wake anarudi kwenye mashine, na safari hii hakuna lingine la kutoa, maana aliyebaki na moja hawezi kutoa tena. Alijiuliza amwambie wifi, akajibu kwamba akimwambia wifi itabidi aseme alikuwa anafanya nini dukani saa mbili asubuhi. Amwambie daktari? Daktari atamwambia nini, zaidi ya kuongeza hivyo vidonge vinavyoshusha?

Kwa hiyo alifanya alichojua. Aliongeza balungi la tatu. Na jioni, akifunga kibanda, akapita tena dukani na chupa ya pili.

Mikono ikazidi kutetemeka. Ijumaa mdogo wake alishona mkono wa shati ndani nje, akakaa akiutazama. Dada yake alimtazama anavyoutazama. Akamwekea chupa mkononi, akaishikilia pamoja naye ili isimwagike, na mdogo wake akanywa yote.

Kliniki ilikuwa Jumatano iliyofuata. Kwa kawaida siku ya kliniki alisubiri simu ya mdogo wake, ambaye alimsomea majibu kwa utani kana kwamba anatangaza matokeo ya mpira. Safari hii simu ilikuwa ya wifi yake, na wifi yake hakuwa na desturi ya kumpigia.

"Wifi, unaweza kuja hospitali?"

"Kuna nini?"

"Njoo tu, wifi. Tafadhali."

Aliacha karoti zimemenywa nusu. Mlinzi wa getini alimwuliza aendako, hakumjibu. Njiani kote alizungumza na Mungu na kuzungumza na figo, akiwaahidi wote wawili mambo ambayo asingeweza kuyatimiza.

Wifi yake alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, amepakata mfuko wa dawa na kisanduku cha plastiki cha vidonge chenye vyumba vya siku saba. Macho yalikuwa mekundu.

"Dawa imezidi kwenye damu," alisema. "Imepita mara mbili ya inavyotakiwa. Na kile kipimo cha figo kimepanda. Figo linaumia, wifi."

"Linakataa?"

"Hapana. Linaumizwa na dawa. Wanasema labda nampa vidonge mara mbili." Sauti yake ya maktaba ilikatika. "Mimi navihesabu kimoja kimoja. Nimewaonyesha kisanduku. Daktari ameniuliza kwa upole, lakini ameniuliza mara nne. Na mume wangu mwenyewe hasemi kitu, amekaa tu mle ndani anaangalia viatu."

Daktari Blenda aliketi kando yake. Wifi yake akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa na madoa ya mafuta na alama za gundi kwenye pembe nne. Ameibandua kabatini asubuhi ile, aje nayo kwa ajili ya ushahidi.

"Wewe ndiye unayejua vyakula," alisema. "Nisomee. Labda kuna kitu nimekipita. Labda ni mimi kweli."

Akaishika ile karatasi. Mistari ya mwanzo ilisifia mambo aliyokuwa akiyahubiri maisha yake yote: mgonjwa ale mboga za majani zilizopikwa vizuri, ale maboga na karoti, ale matunda yaliyooshwa na kumenywa, ale maharage. Alikuwa anaanza kupumua. Halafu palikuwa na kisanduku chenye mstari mweusi kuzunguka, na ndani yake neno la kwanza lilikuwa balungi. *Usile balungi wala kunywa juisi yake, hata kidogo. Linazuia mwili kuivunja dawa, na dawa hujikusanya kwenye damu.*

Alisoma mara mbili. Mara ya pili aliyaona mabalungi yenyewe, yamepangwa kwenye ubao wake, mawili, halafu matatu. Mikono yake iliyoyakata. Mikono ile ile iliyoishikilia chupa ili asimwage.

"Umeona kitu?" wifi yake akauliza.

Sasa hapa tusimpake mafuta, tuseme ukweli wake wote. Aliwaza kunyamaza. Wazo lilikuja haraka na likiwa limekamilika: leo aache chupa, kesho dawa itashuka, keshokutwa figo litapona, na hakuna atakayejua. Wifi atabaki na lawama ya vidonge, lakini lawama haiui mtu. Alilishikilia wazo hilo kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Kisha akamtazama yule mwanamke mpole aliyepakata kisanduku chake cha siku saba, anayesubiri kuambiwa kosa ambalo hakulifanya, akajionea aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akasimama, akasukuma mlango wa daktari bila kubisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Mbele yake mdogo mtu amekaa, mikono ameificha katikati ya magoti.

"Ni mimi," fundi akawahi, alipomwona dada yake mlangoni. "Daktari, ni mimi nimekosea. Nilisahau kama nimekunywa, nikanywa vidonge tena. Siku kadhaa. Mke wangu hana kosa."

"Mwongo," akasema dada yake.

"Dada, kaa chini."

"Mwongo huyu, Daktari! Hajasahau kitu. Mimi ndiye nimempa balungi. Kila siku. Kwanza mawili, halafu ilivyoanza kutetemeka hiyo mikono nikampa matatu, na mengine jioni."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa muda gani, mama?"

"Wiki nne na siku mbili."

"Ulimpa kwa nini?"

"Kumwongezea kinga."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake. Daktari alivua miwani, akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi na bado linamuumiza. Mboga na matunda si adui, alisema, na mgonjwa huyu anayahitaji kuliko wengi. Lakini kinga yake hawataki iruke juu. Wanataka ikae mahali pamoja, na dawa ndiyo inayoishikilia hapo. Balungi halikupandisha kinga yoyote. Liliifunga tu njia ya dawa kutoka, ikajaa, ikaanza kuligonga figo lile lile inalolilinda. Kutetemeka kulikuwa ndiyo kelele ya kwanza.

"Nililiua mwenyewe," alisema Daktari Blenda.

"Sijasema limekufa. Tutamlaza. Tutapunguza dawa, tutapima kila siku. Nikikuahidi kitu leo nitakuwa nakudanganya."

Walipotoka daktari na wifi kwenda kuandikisha kitanda, walibaki wawili. Alimsogelea mdogo wake mpaka magoti yakagusana.

"Somo lile ulikuwepo," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Uliponitajia."

"Ukanywa?"

Alinyanyua mabega. Mikono ilikuwa imetoka mafichoni sasa na inatetemeka mapajani, mchana kweupe, bila haya.

"Nilitaka kukuambia. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Halafu unakuja umeinama hivyo, na taulo lako." Akaugusa ubavu wa dada yake. "Ulinipa figo, Dada. Ningekukatalia juisi kwa mdomo gani?"

Kama angekuwa na mwiko mkononi angemchapa nao, na figo lake humo humo ndani. Alitaka kupiga mayowe kwamba hakutoa figo ili anunue utumwa. Aliyemlea si mtu wa kunywa sumu kwa adabu! Lakini hasira ilipofika mdomoni iligeuka kilio, akalia kilio kibaya, cha makamasi, na mdogo wake akambembeleza kwa mikono ile isiyotulia.

Siku tatu zilizofuata Daktari Blenda hakuishi, alipita tu. Kibanda alikifungua kwa sababu akikaa nyumbani kuta zilimsogelea. Karani mmoja mwenye mafua alikuja akisema leo anataka ya balungi, kali, ya kumwamsha.

"Unatumia dawa gani?" akamwuliza.

"Dawa? Nimekuja kunywa juisi, Daktari."

"Nimekuuliza unatumia vidonge gani. Presha? Moyo? Chochote?"

"Situmii kitu."

"Kamwulize mfamasia kwanza, halafu uje. Na usiniite daktari."

Karani alicheka akidhani ni utani mpya, akaona uso wake, akaacha kucheka. Chini ya meza simu ilikaa imelala kifudifudi, maana hakuthubutu kuitazama. Kila ilipotikisika aliikamata kwa mikono miwili. Siku ya kwanza: dawa imeanza kushuka, figo bado. Siku ya pili: dawa imeshuka zaidi, figo bado. Siku ya tatu wifi yake hakupiga mpaka saa nane mchana, na katika saa hizo Daktari Blenda alimzika mdogo wake mara kumi na kumfufua mara kumi.

"Kipimo cha figo kimeshuka kidogo," wifi yake akasema, na wote wawili wakabaki kwenye simu, wanasikilizana wakipumua.

Kidogo kilikuwa kidogo kweli. Alipotolewa hospitali wiki ya pili, kile kipimo kilikuwa bado juu ya pale kilipokuwa kabla ya chupa. Daktari alisema huenda kikarudi chote, huenda sehemu imepotea moja kwa moja. Watapima tena baada ya siku kumi na nne, na tena, na tena. Mtu mwingine angekasirikia jibu hilo. Daktari Blenda alilipokea, akaliweka pamoja na wasiwasi wake mwingine, maana alishajua kwamba huyo ni mwenzake wa maisha.

Jumapili wifi yake alimwita kula, akamwita mpaka jikoni. Walisimama bega kwa bega mbele ya sinki. Daktari Blenda aliosha mchicha mara tatu, akaupika mwenyewe, wifi akimwambia bado, bado, sasa tosha. Akachemsha boga. Akamenya papai kwa kisu safi, akalikata vipande. Hakuna aliyezungumzia ndoo ya taka. Aliisoma karatasi mara moja zaidi, kutoka juu mpaka chini, kabla sahani haijatoka mlangoni.

Mdogo wake alikula mchicha, akala boga, akala wali. Mikono ilikuwa imetulia, isipokuwa alipochoka. Alikula papai nusu akaegemea kiti. Dada yake, ambaye alikuwa akihesabu kila kijiko kwa macho, alishindwa kujizuia. Akalisogeza bakuli mbele yake.

"Malizia, mdogo wangu. Vimebaki vipande vinne tu. Nimekumenyea mwenyewe."

Alimwona akiinua mkono kuchukua uma, hima, kama mtu aliyeitwa kazini. Aliona kwamba ameshiba, na kwamba atakula hivyo hivyo. Moyo ukampasuka, kwa kuwa aliielewa sasa ile harakati ndogo ya mkono, na alijua asubuhi ngapi aliiona bila kuielewa. Akataka kulivuta bakuli nyuma. Lakini uma ulisimama hewani. Mdogo wake alimtazama usoni kwa muda mrefu, akaushusha uma polepole juu ya meza.

"Sitaki, Dada."

Wifi akaacha kutafuna. Daktari Blenda alingoja uchungu uje, na ulikuja, akauacha upite.

"Umesemaje?"

"Nimesema sitaki. Nimeshiba."

"Rudia tena."

"Sitaki!" akasema kwa sauti, na mara akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa na machozi ndani yake.

Dada yake akalivuta lile bakuli upande wake. Akala vipande vile vinne, kimoja baada ya kingine, bila haraka, na alipomaliza akamwuliza kesho atafungua duka saa ngapi, maana anataka kupita kumsalimia, mikono mitupu.